Jinsi ya Kuielewa Momenti ya Inesha: Mhimili Kwanza, Fomula Baadaye

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huwa tayari anaijua kanuni ya pili ya Newton, kwamba kani ni tungamo mara mchapuko. Anapofika kwenye mwendo wa mzunguko hukabidhiwa jedwali la kukariri: pete ni MR², diski ni ½MR², tufe lililojaa ni ⅖MR², ambapo M ni tungamo na R ni nusukipenyo. Jedwali hilo ni sahihi, lakini anayeanza nalo hukwama mara tu swali linapouhamisha mhimili. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Kabla ya kuandika fomula yoyote, uliza kitu kinazunguka kwenye mhimili upi, kisha uliza tungamo lake limekaa umbali gani kutoka kwenye mhimili huo. Kwa mkazi wa Malindi, vifaa vya kujifunzia vinapatikana ufukweni na kwa seremala, bila haja ya maabara.

Anza na upondo wa mashua. Ushike katikati kwa mkono mmoja, uulaze sambamba na ardhi, kisha uuzungushe huku na huku kwa haraka. Baadaye ushike kwenye ncha moja kwa mikono miwili na ujaribu kuupeleka vilevile. Upondo ni uleule na uzani wake haukubadilika, lakini mara ya pili utaona unakataa kuanza kwenda na, ukishakwenda, unakataa kusimama. Ukataaji huo ndio inesha ya mzunguko, na kipimo chake ndicho kinachoitwa momenti ya inesha. Kwa hiyo swali la “momenti ya inesha ya upondo huu ni kiasi gani?” halijakamilika, na halina jibu mpaka mhimili utajwe.

Sasa tazama hesabu inatoka wapi. Ugawe upondo kwa fikra katika vipande vidogo sana. Kipande chenye tungamo m kilicho umbali r kutoka kwenye mhimili huenda kwa kasi ya rω, ambapo ω ni kasi ya pembe inayolingana kwa vipande vyote. Nishati mwendo ya kipande hicho ni ½m(rω)², yaani ½mr²ω². Ukijumlisha vipande vyote, ½ na ω² hubaki nje kwa kuwa ni za wote, na kinachobaki ndani ni jumla ya mr². Jumla hiyo ndiyo I, na nishati yote inakuwa ½Iω². Vitabu vingi, kwa maoni yangu, hulipita jambo hili haraka mno, ilhali ndilo linaloeleza kwa nini umbali huinuliwa kwa kipeo cha pili: kipande kilichosogezwa mara mbili mbali zaidi huenda kwa kasi mara mbili, na nishati hutegemea mraba wa kasi. Tungamo dogo lililo ukingoni linaweza kuwa na athari kubwa kuliko tungamo kubwa lililo karibu na mhimili.

Tuseme upondo una urefu wa mita 4 na tungamo la kilo 6, na unene wake ni uleule kote. Kwa mhimili unaopita katikati, I = ML²/12, ambapo L ni urefu, yaani 6 × 16 ÷ 12 = 8 kg·m². Kwa mhimili uliopo kwenye ncha, I = ML²/3, yaani 32 kg·m², mara nne kamili. Fomula ya pili haihitaji kukaririwa, kwa sababu kanuni ya mihimili sambamba huitoa kutoka kwa ya kwanza: chukua momenti ya inesha ya mhimili unaopita kwenye kitovu cha tungamo, kisha ongeza Md², ambapo d ni umbali kati ya mihimili miwili. Hapa d ni mita 2, hivyo 8 + 6 × 4 = 32. Angalia kwamba ni lazima uanzie kwenye kitovu cha tungamo. Anayeruka kutoka mhimili wa pembeni hadi mwingine wa pembeni kwa kanuni hii hupata jibu lisilo sahihi.

Jaribio la pili ni la mteremko. Mwombe seremala ubao ulionyooka wa mita 1.5 na uinue ncha moja kwa sentimita 15, ili saini (sine) ya pembe ya mteremko, θ, iwe 0.1. Tafuta gololi, kipande cha mti kilichokatwa kikawa diski, na pete iliyokatwa kutoka kwenye bomba la plastiki, kisha uviachie vyote kwa pamoja. Ikiwa vinabingirika bila kuteleza, mchapuko ni g·saini θ ikigawanywa kwa (1 + k), ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.8 m/s², na k ni ile namba iliyotangulia MR²: ⅖ kwa gololi, ½ kwa diski, 1 kwa pete. Hesabu inatoa takriban sekunde 2.07 kwa gololi, 2.14 kwa diski na 2.47 kwa pete. Tofauti ya gololi na diski ni ndogo mno kwa saa ya simu, kwa hiyo iangalie kwa macho mstari wa mwisho. Pete itachelewa waziwazi. Tungamo na nusukipenyo vimefutika kabisa kwenye hesabu, na kwa sababu hiyo pete nzito haiishindi pete nyepesi. Usitumie kopo la soda lililojaa, wala dafu, kama mfano wa kitu kigumu: maji ya ndani hayazunguki sawasawa na ganda, na kopo kama hilo huweza kuishinda hata gololi.

Sehemu inayowaangusha wengi kwenye mtihani ni pale mwendo wa mzunguko unapoungana na mwendo wa mstari, na hapa inafaa kwenda polepole. Chukua kisima chenye gogo la duara lililolazwa juu yake, kamba ikiwa imezungushiwa gogo na ndoo ikining’inia. Gogo lina tungamo la kilo 4, ndoo na maji yake kilo 10, na msuguano tunaupuuza. Ndoo ikiachiliwa, itashuka kwa mchapuko gani? Kosa la kawaida ni kusema kwamba kamba inalivuta gogo kwa kani iliyo sawa na uzani wa ndoo, yaani newtoni 98. Ingekuwa hivyo, kani mbili za ndoo zingelingana na ndoo isingechapuka hata kidogo.

Andika mlinganyo mmoja kwa kila kitu. Kwa ndoo: mg − T = ma, ambapo T ni mkazo wa kamba. Kwa gogo, momenti ya kani (uwezo wa kani kuzungusha: kani mara umbali wake kutoka kwenye mhimili) ni TR, nayo ni sawa na Iα, ambapo α ni mchapuko wa pembe. Kinachoviunganisha ni kamba isiyoteleza, hivyo a = Rα. Gogo ni mcheduara uliojaa, kwa hiyo I = ½MR², na mlinganyo wa pili unakuwa T = ½Ma. Uweke kwenye wa kwanza upate a = mg/(m + ½M) = 98 ÷ 12, takriban 8.17 m/s². Mkazo ni ½ × 4 × 8.17, yaani newtoni 16.3 tu. Hakiki kwa mlinganyo wa ndoo: 98 − 16.3 = 81.7, nayo ndiyo 10 × 8.17. Uhakiki kama huu huchukua nusu dakika na huokoa alama nyingi.

Kuhusu vipimo, milinganyo hii inataka radiani, kipimo cha pembe ambacho mzunguko mmoja mzima ni 2π. Pangaboi linalozunguka mara 240 kwa dakika lina ω ya 240 × 2π ÷ 60, takriban radiani 25 kwa sekunde. Ukiiweka 240 moja kwa moja kwenye ½Iω², jibu litapotoka vibaya.

Linabaki jambo la momentamu ya pembe, L = Iω (L hii si ile ya urefu), ambayo haibadiliki pasipo momenti ya kani kutoka nje. Mfano mzuri uko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, kwa roketi ya Scout. Hatua ya mwisho ya roketi hiyo haikuwa na usukani. Ilizungushwa kwa kasi ili momentamu ya pembe iushikilie mwelekeo wake. Ikishafika angani, Uhuru ilijizungusha takriban mara moja kila dakika 12, ikipekua anga kutafuta miali ya eksirei. Mzunguko wa kasi unaweza kupunguzwa bila breki: njia mojawapo inayotumika kwenye vyombo vya angani ni kuachia vizito viwili vilivyofungwa kwa kamba, ambavyo hujifungua kuelekea nje, huikuza I, na vikikatika huondoka na sehemu kubwa ya L.

Kwa zoezi, usimamishe ule upondo wa mita 4 wima, ncha ya chini isiteleze, kisha uuache uanguke. Kitovu cha tungamo hushuka mita 2, kwa hiyo, L ikiwa tena urefu wa upondo, Mg(L/2) = ½(ML²/3)ω², na ncha ya juu hufika ardhini kwa kasi ya √(3gL), takriban mita 10.8 kwa sekunde. Jiwe lililodondoshwa kutoka kimo hichohicho hufika kwa √(2gL), yaani 8.9 tu. Eleza ni nini kinachoiharakisha ncha kuliko jiwe, ukikumbuka kwamba sehemu za chini za upondo huenda polepole kuliko ambavyo zingeanguka peke yake.