Mwache achague mwenyewe: kipindi cha kusoma chenye watoto 64

Mwalimu mwenzangu, kama shuleni kwenu kuna kabati la vitabu lenye kufuli, anza kwa kutafuta ufunguo. La kwangu lilikaa limefungwa miaka miwili kwa sababu niliogopa vitabu vitachanika. Siku hizi vinachanika kweli. Navishona kwa uzi wa gunia, nabandika majalada kwa gundi ya uji wa ngano, na Ijumaa inayofuata vinarudi mikononi mwa watoto.

Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi wilayani Chamwino. Watoto ni 64, na nilipoanza nilikuwa na vitabu vya hadithi 41. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa mwisho hachagui, maana hakuna kilichobaki. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukusanya vitu vya kusomwa kutoka kila upande. Mimi niliomba kwa afisa ugani kijitabu cha chanjo ya kideri cha kuku na kingine cha kupe wa ng'ombe. Niliomba magazeti ya zamani kwa muuza duka kabla hajayafungia maandazi. Nikaongeza kalenda zenye methali, pakiti za mbegu za alizeti, ramani ya mkoa na maelezo ya kupogoa mizabibu. Kila kitu chenye maneno ambayo mtu mzima huyasoma kwa haja yake, mtoto naye anaweza kuyataka.

Ijumaa natandika mikeka miwili chini ya mwarobaini na kupanga vitu vyote majalada yakitazama juu. Usivirundike, mtoto hachagui asichokiona. Upepo wa Dodoma unaujua, hasa Julai na Agosti, basi weka kijiwe juu ya kila gazeti. Watoto wanakuja kwa makundi manne ya 16, kila kundi dakika tano. Dakika mbili za kwanza ni za kuzunguka tu mikono ikiwa nyuma, maana ukiwaachia watakimbilia kitabu cha rangi nyekundu na kugombana. Katika kipindi cha dakika 40, nusu inakwenda kwenye kuchagua. Usiione kuwa imepotea, kuchagua nako ni kusoma. Kundi lililotangulia leo, wiki ijayo liwe la mwisho.

Wafundishe kupima kitabu kwa vidole: fungua ukurasa wowote, kunja kidole kwa kila neno lisiloeleweka. Vidole vitano vikiisha, tafuta mwenzako msome pamoja, au badilisha. Lakini anayeng'ang'ania kitabu kigumu kwa sababu ya picha zake, mwache nacho. Na mtoto awe na haki ya kukirudisha kabla hajakimaliza. Akirudisha, mimi namuuliza "umeishia wapi?" na kuandika ukurasa kwenye daftari. Simuulizi "kwa nini?", kwa kuwa swali hilo mdomoni mwa mwalimu linasikika kama fimbo.

Darasani kwangu kulikuwa na kijana wa miaka 13 aliyechelewa kuanza shule kwa ajili ya kuchunga. Ijumaa tatu mfululizo alisimama pembeni ya mkeka na kuokota kilichokuwa karibu na mguu wake. Ya nne akainama, akachukua kile kijitabu cha kupe, kurasa 12, jalada lina doa la dawa ya kuogeshea. Akakaa kwenye mzizi na kusoma kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye habari za ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, penye neno "tezi", akasimama. Akajishika chini ya sikio, akamgeukia jirani yake: "Ni hapa. Ng'ombe huvimba hapa." Akarudi mwanzo wa ukurasa akasoma tena, safari hii kwa sauti, bila kutumwa na mtu.

Baada ya kusoma, wape njia mbalimbali za kuonyesha walichopata. Zamani nilidai muhtasari wa mistari kumi kwa kila kitabu. Mwezi haukuisha, wote wakawa wanachukua vitabu vyembamba kuliko vyote, hata wasomaji wazuri. Niliwaumiza bila kujua. Sasa mtoto anachagua: kumwandikia barua mtu wa kwenye hadithi, kutunga vitendawili vitatu na kuwategea wenzake, kuigiza kipande na rafiki, kuandika mwisho mwingine, au kuimba. Hapa kwa Wagogo kuna watoto wanaopiga zeze kabla hawajaandika insha; mmoja alilileta na kuimba habari za sungura wa kitabuni hadi darasa la jirani likatoka nje kusikiliza. Siwawekei alama kwa kazi hizi. Ukiweka tu alama, watarudi kuuliza wewe unapenda nini.

Yule kijana aliandika orodha aliyoiita "Mambo ambayo kitabu hiki hakijasema". La kwanza: ng'ombe anayeanza kuumwa hubaki nyuma ya kundi jioni. Yalikuwa mambo saba, na yote alikuwa ameyaona kwa macho yake.

Kwa siku ambazo vitabu vimewachosha, nina picha nne za michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni watu warefu wembamba na wanyama, kwa rangi nyekundu, bila neno hata moja. Kila kundi linachagua picha na kuitungia hadithi. Usiwaambie kwanza wataalamu wanasemaje. Waambie baadaye, ndipo watasikiliza kwelikweli.

Halafu tengenezeni vitabu vyenu. Chukua karatasi nane, zikunje katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, shona. Jalada ni karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ngumu na haichaniki upesi. Mtoto akamwombe bibi yake hadithi, aje aiandike kwa Kiswahili, na neno la Kigogo lisilo na mwenzake alibakize lilivyo. Usisahihishe kila kosa kwa kalamu nyekundu. Kaa naye, msome pamoja, arekebishe mwenyewe kabla ya kushona.

Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anasoma dawa za mifugo badala ya masomo. Nilimkalisha kwenye mkeka, mtoto akamsomea kurasa mbili. Baba akauliza kama anaweza kukiazima kile kijitabu hadi Jumatatu. Nikaandika jina lake kwenye daftari, chini ya majina ya watoto.