Somo: Ukuta wa "Usikojoe Hapa" uwe picha ya mtaa

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Niliahidi somo la kuchora ukuta wa mtaani, ndilo hili. Mimi ni fundi rangi, na ukuta ulionifundisha zaidi ni wa Mburahati, Dar, maana pale tulikosea.

1. Tafuta ukuta wenye kero. Ule ulioandikwa "Usikojoe hapa, faini 50,000", na usiku watu wanamwaga taka. Angalia kwanza kama hauna X nyekundu, ile alama ya kubomolewa. Ukiwa ndani ya hifadhi ya barabara, mtakuwa mnamchorea tingatinga, na simaanishi yule mchoraji, Edward Saidi Tingatinga.

2. Ruhusa. Mwenye nyumba akubali kwa maandishi, kisha mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Msiruke hata mmoja.

3. Uliza kichorwe nini. Hapa msiwe na haraka. Sisi tulikuja na mchoro wetu tayari: mtoto anatazama jua linachomoza. Tukajua ndiyo matumaini hayo. Mama muuza vitumbua akatuangalia, akasema, "Jua tunalo la kutosha, wanangu. Turudishieni mwembe wetu." Kumbe palikuwa na mwembe hapo, watu wakicheza bao chini yake, ukakatwa. Basi kila aliyepita akawa na lake: benchi lilikaa upande gani, tawi lipi lilikuwa na bembea. Wiki nzima tulikaa kijiwe cha bodaboda tunasikiliza, hatujafungua hata kopo.

Tukachora shina na matawi tu. Majani tukawaachia wenyeji, kila kaya jani moja. Mengine yalitoka kama samaki, tukayaacha hivyo hivyo. Mtu akishapaka jani lake, akimwona mwenzake na kiroba cha taka hamwiti mjumbe, anamfokea mwenyewe.

4. Andaa ukuta. Kwangua rangi iliyobabuka, piga brashi ya waya, osha, acha ukauke, ziba nyufa, paka praima, ile rangi ya kutangulizia. Lipu mpya iache wiki nne. Sisi tulipaka lipu ikiwa mbichi. Masika yalipoingia, chumvi ikasukuma rangi na mwembe ukaota malengelenge. Kwa Dar, Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kazi hii.

5. Hamisha mchoro kwa miraba. Sentimita 5 kwenye karatasi iwe 50 ukutani, piga mistari kwa kamba ya chaki. Watoto wapake chini, ngazi waachieni wakubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Temeke: Fundi, rangi kiasi gani? Hatuna mfadhili.
Jibu: Ukuta wa mita 10 kwa 2, lita 4 za rangi nyeupe ya nje zinatosha mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Nunua nyekundu, njano, bluu na nyeusi, uchanganye mwenyewe. Halafu pita nyumba kwa nyumba uombe mabaki ya makopo. Tingatinga mwenyewe, miaka ya 1960 mwishoni, alitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, ubao wa dari.

Mama wa Buguruni: Wakija kuandika namba za waganga?
Jibu: Watakuja, mama. Weka kopo la akiba na brashi kwa mwenye duka la karibu. Futeni siku hiyohiyo. Namba ya kwanza ikilala, kesho zitakuwa tano.

Mwanachama, Kigamboni: Kuna mgombea anataka kulipia kila kitu, ila sura yake iwepo.
Jibu: Hela yake ni tamu, lakini ukuta utakuwa wake. Mwambieni apake jani.

Mdau wa Tabata: Mchoraji tunampata wapi?
Jibu: Ulizeni Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichopo Mikocheni. Ila mwambieni mapema kwamba wazo ni la mtaa.

Mdau wa Temeke tena: Na wakojoaji, waliacha?
Jibu: Wengi waliacha. Mmoja alihamia nguzo ya umeme.