Kisima kikikolea chumvi, punguza ya chunguni

Sisi wa Lamu twajua: kaskazi ikikaza na masika bado, visima vya karibu na bahari huanza kukolea chumvi. Ulimi huzoea upesi, baada ya muda huisikii tena, lakini mwili waipokea vilevile. Kwa mwenye presha hilo si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, peke yake kinaweza kula sehemu kubwa ya hiyo.

Na tafadhali, kuchemsha hakutoi chumvi. Kunaua vijidudu, basi. Tazama kule Gongoni, kaskazini mwa Malindi: maji ya bahari huachwa juani, maji huenda zake, chumvi hubaki. Sufuria yako ni hivyo hivyo.

Nyumbani hupima hivi: napika wali kidogo kwa maji ya kisima, bila kutia chumvi, nauonja ukipoa. Ukiwa na ladha, chumvi haitiwi tena chunguni mpaka mvua zinyeshe. Ndimu na pilipili zatosha. Maji ya mvua ya jabiani, yaani birika la kuyahifadhia, tunayaweka ya kunywa na ya chai ya mama tu, ya kisima ni ya kupikia, kufulia na kuoshea vyombo. Ng'onda hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa.

Dawa za presha usiziache, hata ukijisikia mzima kabisa. Miezi hiyo ya ukavu, kapime mara nyingi zaidi.