Kozi za bure mtandaoni: namna ya kuimaliza moja bila kumaliza bando

Kozi ikiitwa ya bure, bado utalipa bando na muda. Piga hesabu kabla ya kujisajili. Kozi ya wiki 6 yenye saa 3 za video kila wiki ni saa 18. Video yenye ubora wa picha wa 720p hula takribani GB 1 kwa saa, yaani GB 18. Ishushe hadi 360p: hapo ni kama MB 300 kwa saa, na kozi nzima haifiki GB 6. Maandishi ya ubaoni bado yatasomeka, isipokuwa kozi za kompyuta zenye herufi ndogo.

Usiangalie moja kwa moja mtandaoni. Somo gumu hurudiwa mara tatu nne, na marudio hayo ndiyo yanayokausha bando. Pakua kwanza. Programu za simu za Coursera na edX, majukwaa ya kozi za mtandaoni, huruhusu kupakua video nyingi. MIT OpenCourseWare, tovuti ya masomo ya chuo cha MIT cha Marekani, haihitaji hata kujisajili. OpenLearn, tovuti ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, hutoa masomo yake mengi kwa PDF, ambayo ni nyepesi mno kuliko video. Anayeishi Bahi au Chemba na kufika Dodoma mjini mara moja kwa wiki aifanye siku hiyo ya kupakua, kisha asome nyumbani simu ikiwa haina mtandao.

Wakati wa kujisajili, soma kila kitufe. Jaribio la bure la siku chache likikuomba namba ya kadi, ujue siku zikiisha utakatwa pesa. Kwenye edX, njia ya bure huwa na tarehe ya mwisho na haina cheti. Coursera ina maombi ya msaada wa ada kwa baadhi ya kozi. Yajaze mapema, kwani majibu huweza kuchukua wiki mbili.

Kikwazo kikubwa kuliko bando ni Kiingereza, na hakisemwi vya kutosha. Kijana anayeelewa hesabu vizuri hujiona mjinga kwa sababu tu mwalimu anaongea haraka. Washa maandishi ya chini, punguza kasi hadi 0.75, na uwe na daftari la istilahi: neno, maana yake kwa Kiswahili, mfano mmoja. Maneno 10 kwa somo yanatosha. Mkiwa watatu, kila mmoja awaeleze wenzake somo moja kwa Kiswahili. Pasipoeleweka ndipo pa kurudia.

Angalia pia msimu. Huku Dodoma msimu wa mvua ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwenye shamba la mtama au alizeti akianza kozi Januari atakwama kwenye palizi. Juni ni bora zaidi.

Cheti cha kozi fupi si stashahada wala shahada. Kwa mwajiri, kiambatanishe na kazi uliyoifanya kwa ujuzi huo: jedwali la hesabu za duka, tovuti ndogo, ramani. Anayetaka shahada huku akiendelea na kazi aulizie Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992 na chenye kituo Dodoma; ila huko ada italipwa.