Namna ya Kujadili Upunguzaji wa Wafanyakazi Kiwandani Kabla Majina Hayajatoka

Kiwanda cha mitambo kinapotangaza kwamba kitapunguza mamia ya wafanyakazi kwa sababu uchumi umeyumba, viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi huharakia kuulizia malipo, ilhali swali la kwanza ni jinsi idadi hiyo ilivyopatikana. Ibara ya 13 ya Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, inamtaka mwajiri awape wawakilishi wa wafanyakazi, mapema, taarifa kuhusu sababu, idadi na kada zitakazoguswa, pamoja na muda wa zoezi lenyewe, kisha ashauriane nao. Si nchi zote zilizouridhia, hivyo someni pia sheria yenu ya kazi na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi.

Ombeni kwa maandishi orodha ya oda za kila karakana, mwezi kwa mwezi, huku zilizoahirishwa zikitenganishwa na zilizofutwa. Tofauti hiyo ni kubwa: aliyeahirisha kununua pampu huenda akarudi, na akirudi atahitajika mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, ambaye ujuzi wake ulijengwa kwa miaka. Ikiwa mashine za kukereza zimesimama lakini wachomeleaji bado wanafanya saa za ziada, hakuna mantiki ya kukata asilimia ileile kila mahali.

Baada ya hapo pendekezeni njia mbadala: kusitisha saa za ziada, kustaafu kwa hiari, au kupunguza saa za kazi. Katika mtikisiko wa 2008 na 2009 viwanda vingi vya Ujerumani vilipunguza saa, na mfuko wa umma ukafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Pasipo mfuko wa namna hiyo, hatua hii ni kukatwa mshahara tu, kwa hiyo msiikubali bila tarehe ya ukomo.

Vigezo vya kuchagua watakaoondoka viandikwe kabla ya majina kutajwa. Kigezo cha mahudhurio kikaguliwe kwa makini zaidi, kwani kinaweza kumwadhibu aliyeumia kazini au aliyekuwa likizo ya uzazi.

Malipo yaje mwisho: notisi, likizo isiyochukuliwa, kiinua mgongo, na kifungu cha kuwarejesha waliopunguzwa ajira zikifunguliwa tena. Kampuni ikiwa inaelekea kufilisika, daini yalipwe siku ya mwisho ya kazi, si kwa awamu.