Usiifute GRUB kabla systemd-boot haijakubali

Ukitaka kuihamisha Linux yako kutoka GRUB kwenda systemd-boot (zote ni programu za kuuwasha mfumo), huna haja ya kusakinisha mfumo upya. Angalia tu kwanza kama folda ya /sys/firmware/efi ipo. Kama haipo, kompyuta imewaka kwa njia ya zamani ya BIOS, si ya UEFI iliyoirithi, na systemd-boot haifanyi kazi huko. Baki na GRUB.

Kinachowakwamisha wengi ni nafasi. GRUB inaweza kusoma keneli (kiini cha Linux) iliyo ndani ya mifumo ya faili ya ext4 au Btrfs, lakini systemd-boot kwa kawaida huitaka keneli pamoja na initramfs yake (faili inayoisaidia kuanza) kwenye patisheni ya EFI, yaani sehemu ya diski ya kuwashia, ambayo mfumo wake wa faili ni FAT. Windows ikisakinishwa mara nyingi huitengea patisheni hiyo MB 100 tu, na hapo hata keneli mbili ni shida kuenea. Pima nafasi kwa amri ya df -h kabla hujagusa kitu.

Nafasi ikitosha, endesha bootctl install, kisha andika faili ya maelezo ya keneli yako ndani ya folda ya loader/entries kwenye patisheni hiyo. Mstari wake wa options, yaani vigezo vya keneli, usiubuni kichwani: fungua /proc/cmdline, nakili yaliyomo isipokuwa sehemu za BOOT_IMAGE na initrd. Herufi moja ya UUID (kitambulisho cha patisheni) ikikosewa, keneli haitaipata diski.

Amri ya bootctl install huiweka systemd-boot mbele kwenye orodha ya kuwashia bila kuifuta GRUB, kwa hiyo ukikwama unaichagua GRUB kwenye menyu ya UEFI. Iondoe pale tu utakapoona sasisho la keneli limejiingiza lenyewe kwenye systemd-boot na mashine ikawaka nalo.