Somo: Kuvuka kwa pantoni kati ya visiwa vya Japani (anza na boti ya mwisho)

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki kuna mtu ananiuliza faraghani namna ya kupanda vivuko vya huku, hasa wanaokuja kutembea na wanafunzi wapya. Nimeona niandike mara moja, kwa hatua, halafu maswali yaje hapa hapa ili wengine wafaidike.

Nazungumzia vivuko vifupi tu, vya dakika tano hadi saa moja hivi. Meli kubwa za kulala usiku kucha ni somo jingine. Naishi mkoa wa Hiroshima, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka Bahari ya Ndani ya Seto, ile inayolala kati ya Honshu, Shikoku na Kyushu. Ukizoea kuvuka huko, kwingine hakutakusumbua.

Jambo moja lishike kabla ya hatua zote. Kama umevuka Magogoni kwenda Kigamboni, au Likoni kule Mombasa, roho ya jambo hili unaijua. Kivuko ni barabara ya wenyeji. Asubuhi kinabeba mwanafunzi mwenye baiskeli, bibi anayekwenda hospitali, fundi na ngazi yake. Ratiba imepangwa kwa ajili yao, si kwa ajili yako mgeni. Ukilielewa hilo, mengi yatajieleza yenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta boti ya mwisho ya kurudi

Wengi huanza na boti ya kwenda. Geuza. Jua kwanza boti ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi, ndipo upange mengine kurudi nyuma kutoka hapo. Visiwa vidogo vingi boti yao ya mwisho huondoka jioni mapema, hata kabla ya saa kumi na mbili, na baada ya hapo hakuna bodaboda ya majini itakayokuja kukuokoa.

Jedwali la ratiba mara nyingi lina safu mbili: 平日 (heijitsu) ni siku za kazi, na 土日祝 (donichishuku) ni Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Jifunze alama hizi kwa macho tu, hata kama husomi Kijapani. Mimi zilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza nilivuka kwenda kisiwa kidogo siku ya Jumatatu, nikasoma safu ya siku za kazi, nikashinda kutwa nikiwa na amani. Kumbe Jumatatu ile ilikuwa Siku ya Bahari, sikukuu ya taifa inayoangukia Jumatatu ya tatu ya Julai. Boti niliyoitegemea ilikuwa ya wafanyakazi, na sikukuu haitembei. Nilifika gatini jua linazama, gati tupu, dirisha la tikiti limefungwa. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alinipokea ingawa sikuwa nimeandikisha nafasi, akanipa chakula alichowapikia wanawe. Namshukuru mpaka leo, lakini usipange safari yako kwa kutegemea huruma ya mtu.

Na sisi Waswahili tuna hatari yetu ya pekee, nayo ni saa. Jedwali likisema 7:10, hiyo ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Likisema 17:10, ni saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Ukimtumia mwenzako ujumbe wa sauti "tukutane saa saba", mmoja atakuja asubuhi na mwingine mchana. Mkiwa kikundi, andikeni kwa tarakimu kama zilivyo ubaoni.

Hatua ya 2: Hakikisha kivuko bado kipo

Nasisitiza hili kwa sababu linaniuma. Vivuko vinakufa. Bandari za Uno, upande wa Honshu, na Takamatsu, upande wa Shikoku, ziliunganishwa kwa meli kwa zaidi ya karne moja. Daraja Kuu la Seto lilipofunguliwa Aprili 1988 treni zikahamia juu yake, kampuni za feri zikapungua moja baada ya nyingine, na Desemba 2019 ya mwisho ikasimama. Hadi leo kuna kurasa za safari zinazomwelekeza mtu avuke hapo. Onomichi nako, mji wa bandari uliotazamana na kisiwa cha Mukaishima, palikuwa na njia tatu za kivuko. Moja iliyoanza mwaka 1889 ilifungwa mwisho wa Machi 2025. Watu walijipanga siku ya mwisho kupanda kitu walichokuwa wakikipanda tangu utotoni.

Kwa hiyo soma ratiba kwenye tovuti ya mwendeshaji mwenyewe, na uangalie tarehe iliyoandikwa juu ya jedwali. Kitabu cha miaka mitano iliyopita kiache nyumbani.

Hatua ya 3: Jua unapanda chombo gani

"Ferii" hubeba magari na watu. "Kosokusen" ni boti ya kasi, abiria tu, na nauli yake huwa juu zaidi. "Tosen" ni kivuko kidogo cha mlango wa bahari mwembamba, kama vile vya Onomichi, ambapo unaona upande wa pili hata kabla hujapanda.

Tofauti hii ina uzito njia moja ikiwa na vyombo viwili. Kutoka Takamatsu kwenda bandari ya Tonosho kisiwani Shodoshima, feri inachukua kama saa nzima na boti ya kasi kama nusu ya hapo. Gatini sehemu za kupandia ni mbali kidogo, na ukisimama kwenye foleni isiyo yako utaiona boti yako ikiondoka.

Hatua ya 4: Tikiti na nauli

Hakuna utaratibu mmoja. Bandari kubwa kidogo zina mashine au dirisha. "Katamichi" ni kwenda tu, "ofuku" ni kwenda na kurudi. Uno kwenda Miyanoura, bandari ya kisiwa cha Naoshima, ni dakika 20 na kama yeni 300. Kwenye tosen za Onomichi hukati tikiti kabla: unaingia, mkusanya nauli anapita na mkoba wake, unampa sarafu. Usimpe noti ya yeni 10,000 kwa nauli ya sarafu moja. Tembea na sarafu za 100 na za 10.

Sakurajima, ule mlima wa volkano unaotazamana na mji wa Kagoshima, una utaratibu unaowachanganya wageni. Ukipanda upande wa Kagoshima hulipi chochote. Unalipa upande wa Sakurajima, unaposhuka, na kesho yake unapopanda kurudi. Kituo cha malipo ni kimoja tu, na kinatosha, kwa sababu kila anayevuka lazima apite pale.

Miyajima, penye lango jekundu la hekalu la Itsukushima linalosimama majini, pana kampuni mbili zinazotoka gati za jirani pale Miyajimaguchi, kila moja dakika 10. Nauli ni yeni 200, na tangu Oktoba 2023 kuna kodi ya mgeni yeni 100 juu yake. Mwenye pasi ya reli ya Japani apande feri ya JR, kampuni ya reli: nauli imo ndani ya pasi, atalipa ile kodi tu. Akiingia kwa jirani, atalipa yote. Tena feri hiyo ya JR mchana, ikielekea kisiwani, husogea karibu na lango. Simama upande wa kulia.

Hatua ya 5: Ukiwa na gari

Hapa ndipo penye maswali mengi, basi tulia nami.

Nauli ya gari hupangwa kwa urefu wake kwa mita. Gari lenye mita 3 na kitu ni daraja moja, likivuka mita 4 ni daraja jingine, likivuka 5 ni jingine. Ndiyo maana dirishani wanaweza kukuomba "shakensho", cheti cha ukaguzi wa gari, ambacho kimeandikwa urefu. Gari la kukodi huwa nacho kwenye kidroo cha dashibodi. Kodi gari dogo la aina ya "kei", ambalo kisheria halizidi mita 3.4, na utaona tofauti kila unapovuka.

Katika nauli ya gari, dereva mmoja amejumlishwa. Wengine garini wanakata tikiti zao. Nimeona familia ikimlipia baba mara mbili kwa kutojua.

Njia fupi nyingi hazina nafasi za kuandikisha mapema, anayetangulia ndiye anayepanda. Siku za kawaida fika dakika 20 hadi 30 kabla. Wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, na siku za Obon, za kuwakumbuka marehemu, katikati ya Agosti, ongeza mara mbili au liache gari bara.

Unapoingia, fuata mikono ya baharia, si macho yako. Zima taa za mbele zisimpofushe. Atakuonyesha pa kusimama, mara nyingi karibu sana na gari la mbele. Zima injini, weka gia ya P, vuta breki ya mkono, shuka. Kwenye safari fupi kabisa watu hubaki garini, lakini kwingi sitaha ya magari hairuhusiwi kukaa mtu wakati wa safari, kwa hiyo chukua koti, simu na mtoto kwa mkupuo mmoja. Pantoni zenye milango pande zote mbili unaingia huku na kutoka kule moja kwa moja. Nyingine utaambiwa uingie kinyumenyume. Usione aibu kwenda taratibu.

Miyajima usipeleke gari, ingawa feri inabeba. Barabara ni nyembamba, maegesho ni shida, na utakachokwenda kukitazama kinafikika kwa miguu.

Hatua ya 6: Tazama mbingu

Neno la kujua ni 欠航 (kekko): safari imefutwa. Likiandikwa ubaoni kwa wino mwekundu, usibishane, hakuna wa kumpa kitu kidogo ili boti iondoke. Vimbunga huleta shida zaidi kuanzia Agosti hadi Oktoba. Bahari ya Seto ina adui mwingine, ukungu, kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzo wa kiangazi, siku ambazo ukiwa hotelini unaona jua zuri tu.

Heshimu ukungu ule. Tarehe 11 Mei 1955, Shiun Maru, meli ya njia ile ile ya Uno na Takamatsu, iligongana na mwenzake ndani ya ukungu na kuzama. Walikufa watu 168, wengi wao watoto wa shule waliokuwa kwenye ziara ya masomo. Kilio cha wazazi wale ni sehemu ya sababu Daraja Kuu la Seto lilijengwa. Kwa hiyo nahodha akisema leo hapana, kaa chini unywe chai.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mwanza: *Kaka, sisi wa ziwani tuna makovu ya MV Bukoba na MV Nyerere. Huko hawajazi watu kupita kiasi?*

Pole sana ndugu yangu, swali lako ni la haki. Idadi ya juu ya abiria imebandikwa ndani ya chombo, na kwenye boti ndogo utaona baharia akihesabu watu kwa kidude cha mkononi. Ikifika idadi, kamba inafungwa na waliobaki wanabaki. Mfano mkali ni Aoshima, kile kisiwa cha paka mkoani Ehime. Boti yake kutoka Nagahama inachukua watu 34 tu, inakwenda mara mbili kwa siku, na wenyeji ndio wanaotangulia. Ukikosa nafasi umekosa. Na ukipata, beba chakula na maji, maana kisiwani hakuna duka.

Mama wa watoto wawili, Nairobi: *Watoto wana miaka minne na minane. Wanalipa?*

Dada, huku wanahesabu kwa shule, si kwa miaka. Wa minane yuko shule ya msingi, atalipa nusu. Wa minne hajaanza, na kwa kawaida mtoto mmoja wa namna hiyo huenda bure kwa kila mtu mzima. Sema "kodomo" ukionyesha kidole kimoja, yatosha.

Kutoka Kampala: *Leseni yangu ya kimataifa itakubalika nikikodi gari?*

Angalia jalada lake. Japani inatambua kibali kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949, na Uganda imo. Kibali cha mkataba wa Vienna wa 1968 peke yake hakifai, hata kiwe kipya namna gani. Kwa kuwa mlirithi kuendesha upande wa kushoto kama sisi, kuendesha kwenyewe hakutakutesa. Ukikodi, waulize pia kama gari linaruhusiwa kuvushwa kwa feri.

Kutoka Dar: *Mkuu, mimi nina baiskeli tu. Nataka ile njia ya Shimanami.*

Hapo umenigusa. Njia ni kama kilomita 70 kutoka Onomichi hadi Imabari, inaruka kisiwa hadi kisiwa juu ya madaraja. Lakini daraja la kwanza kabisa, la Onomichi, ni jembamba na magari ni mengi, kwa hiyo waendesha baiskeli huanza kwa tosen kwenda Mukaishima. Ni dakika tano, unalipa na kidogo cha baiskeli, husukumi wala hufungi kitu, unaishika tu. Siku nyingine ukitaka kuvuka kwenda kisiwa cha Awaji, ni vivyo hivyo: Daraja la Akashi Kaikyo haliruhusu baiskeli, lakini boti ya Akashi hadi Iwaya inakubeba nayo kwa dakika 13, ukipita chini ya daraja lenyewe.

Kutoka Muscat: *Nimesikia pantoni ya Sakurajima inauza chakula. Dakika 15 zinatosha kula?*

Zinatosha ukienda moja kwa moja dirishani mara tu unapopanda. Ni udon, tambi nene kwenye mchuzi wa moto, na wenyeji wanaimaliza huku wamesimama. Uliza kwanza mchuzi na vilivyowekwa juu kama unachagua chakula kwa sababu ya dini. Ukishamaliza nenda nje sitahani, maana siku mlima ukifuka moshi utauona mbele yako mzima. Majivu yakianguka, funika kamera kabla ya kufunika kichwa.

Mwanafunzi, Hiroshima: *Jumatatu hii nakwenda Naoshima kuona makumbusho. Boti ya mwisho nimeshaiandika!*

Umefanya vizuri, mdogo wangu, lakini ahirisha. Makumbusho mengi ya Naoshima hufungwa Jumatatu. Jumatatu ikiwa sikukuu hufungua, halafu hufunga Jumanne. Nenda Jumatano, na ile ratiba uliyoandika isome upya kabla hujatoka.